T-testi ya jozi au isiyo ya jozi? Ng'ombe wale wale, majibu mawili tofauti, nimevurugwa

ndama_mweusi
Habari za jioni wakuu, naombeni msaada, ripoti natakiwa kuikabidhi Ijumaa na mpaka saa hizi sijui niandike jibu lipi. Mi nasoma mifugo mwaka wa mwisho. Risechi yangu ndogo tu, nilienda kwenye kikundi cha wafugaji huku Arumeru, ng'ombe wa maziwa wanaofugiwa zizini, nikapima maziwa wiki mbili wakiwa wanakula majani na pumba kama kawaida yao, halafu wiki mbili zilizofuata nikawaongezea mashudu ya alizeti kilo 2 kwa siku kila mmoja, nikapima tena. Kila ng'ombe nimemtafutia wastani wake wa lita kwa siku. Nilianza na ng'ombe 7 nikamaliza na 6, mmoja mwenyewe alimkausha katikati maana mimba imeshakuwa kubwa.

Supavaiza kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "fanya t-testi", basi (yaani kile kipimo cha takwimu cha kuangalia kama wastani mbili zinatofautiana kweli), hakusema ipi. Jamaa yangu wa chumba cha pili ana programu kwenye laptopu, kaniingizia namba kapata p = 0.41 (p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii kwa bahati tu, kama mashudu hayafanyi kitu; ikiwa chini ya 0.05 ndo watu husema tofauti ipo), kaniambia pole sana mashudu yako hayana kazi. Mi nikaenda kuangalia video nikakuta kuna t-testi ya jozi, nikaifanya mwenyewe kwenye Excel (Sikitu nikamtoa) ikatoka p chini ya 0.001!! Data ni zile zile, inawezekanaje? Na nikichukua hii yenye p ndogo si ndo kudanganya huko?

Namba zangu, lita kwa siku, kabla na baada:

Kidoti 4.0 – 4.8
Mrembo 6.5 – 7.1
Bahati 9.0 – 10.1
Malkia 11.5 – 12.2
Tumaini 7.0 – 7.4
Nyota 5.0 – 6.0
Sikitu 3.0 – (amekaushwa)

Babu Njiti
Ng'ombe ni wale wale? Jozi. Nenda kalale.

fundi_chipukizi
Babu usimdanganye dogo. Ya jozi ni pale idadi ya pande zote mbili ikiwa sawa, yeye ana 7 na 6 kwa hiyo hapo ni isiyo ya jozi tu, ndivyo tulivyofundishwa.

MamaTakwimu
Fundi, hapana mdogo wangu, hilo limewaponza wengi. Idadi kuwa sawa haileti jozi. Ukipima wanaume 20 wa Moshi na wanaume 20 wa Tanga idadi ni sawa lakini niambie yule wa kwanza wa Moshi ana undugu gani na yule wa kwanza wa Tanga? Hana. Ukiichanganya orodha ya Tanga kama karata hakuna kinachoharibika. Sasa ichanganye orodha ya "baada" ya ndama_mweusi, Kidoti umpe 12.2 ya Malkia, uone kama mwenye Kidoti hatakucheka. Mi huwa nawaambia wanafunzi wafanye hicho kipimo, vuruga safu moja, kama umepoteza kitu basi ulikuwa na jozi.

Haya ndama, tuje kwako. Angalia ile safu ya "kabla". Kidoti anatoa lita 4, Malkia 11.5. Hiyo tofauti ya lita saba na nusu haihusiani na mashudu hata kidogo, ni mbegu, umri, kazaa lini, mwenyewe anamtunzaje. T-testi isiyo ya jozi inazichukua lita zote hizo saba na nusu inaziita kelele, halafu inakuuliza, kwenye kelele zote hizi nawezaje kusikia ongezeko lako la robo tatu ya lita? Haiwezi. Ni sawa na kumtafuta mtu anayenong'ona katikati ya stendi.

Ya jozi inamshika ng'ombe mmoja mmoja na kumuuliza wewe mwenyewe umepanda kwa kiasi gani. Kidoti 0.8, Mrembo 0.6, Bahati 1.1, Malkia 0.7, Tumaini 0.4, Nyota 1.0. Umeona? Mamba na mjusi wote wameishia kwenye namba zinazofanana. Ubishi wa nani mkubwa umeondoka, imebaki nani kapanda.

Fanya kwa mkono usitegemee laptopu ya jirani. Jumla ya tofauti ni 4.6, gawa kwa 6 unapata wastani 0.77. Toa huo wastani kwenye kila tofauti, piga kipeo cha pili, jumlisha, inakuja kama 0.333, gawa kwa 5 (sio 6), kipeuo chake ni 0.258. Hiyo gawa kwa kipeuo cha 6 unapata 0.105. Chukua 0.767 gawa kwa 0.105, t ni kama 7.3 na digrii za uhuru 5 (idadi ya tofauti toa moja). Kwenye jedwali kwa digrii 5 unatakiwa kuvuka 2.571 tu ili p iwe chini ya 0.05. Umevuka mpaka ng'ambo.

Kuhusu kudanganya: ukifanya zote mbili ukachagua iliyokufurahisha, ndio, huo ni udanganyifu hata kama umebahatika kuchagua iliyo sahihi. Lakini wewe ulishachagua siku ile ulipoamua kumpima ng'ombe yule yule mara mbili. Uliamulia zizini. Hata p ya jozi ingetoka 0.6 bado ungetakiwa kuandika hiyo hiyo.

ndama_mweusi
Mama asante sanaaa, nimepiga kwa kalamu imetoka ileile 7.3 kidogo. Ila Sikitu je? Sijisikii vizuri kumtupa, nilimpima siku 14 nimeamka saa kumi alfajiri

MamaTakwimu
Pole kwa usingizi. Kwenye jozi hana mwenzake, hamna namna, anatoka. Ila muandike kwenye ripoti, sema alikaushwa kwa sababu ya mimba, ng'ombe huwa anakaushwa kama miezi miwili kabla ya kuzaa hilo kila mtu analijua, usimfiche.

Na hebu tazama huyu Sikitu alichomfanyia jamaa yako wa chumba cha pili, hapa ndipo pananoga. Yeye kaweka ng'ombe 7 kabla, wastani 6.57. Baada kaweka 6, wastani 7.93. Kwa hiyo kwenye karatasi yake maziwa yamepanda kwa lita 1.36! Wakati tumeona ng'ombe walioongezeka wameongezeka 0.77. Hiyo ziada imetoka wapi? Hakuna ng'ombe aliyeitoa. Ni yule wa lita 3 kutoka tu kwenye hesabu, wastani wa waliobaki ukapanda wenyewe. Yaani kakosea mara mbili kwa pande tofauti, ongezeko kalikuza karibu mara mbili halafu bado kasema halipo.

Babu Njiti
Ndo maana nilisema jozi nenda kalale

pweza_wa_data
Mama kaeleza vizuri, naongezea historia kidogo kwa sababu hili la majibu mawili kwenye data moja ni la zamani kuliko babu zetu. Mwenye t-testi anaitwa William Gosset, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness pale Dublin, makala yake ya 1908 akaitoa kwa jina la kujificha, Student, ndo maana mpaka leo vitabuni ni "t ya Student". Shida yake ilikuwa kama ya ndama, sampuli ndogo ndogo. Kwenye makala hiyo hiyo alitumia data za watafiti wawili, Cushny na Peebles, za 1905, wagonjwa 10, kila mmoja kapewa dawa za usingizi kwa nyakati tofauti, wakaangalia kila dawa imemuongezea saa ngapi za kulala.

Data zenyewe zimo ndani ya R (programu ya takwimu), andika tu sleep zinakuja. Dawa ya kwanza wastani imeongeza saa 0.75, ya pili 2.33, tofauti 1.58. Ukiwafanya kama makundi mawili ya watu tofauti unapata t = 1.86 na p = 0.079, unasema aah hazijatofautiana. Ukiwafanya jozi, kwa sababu ni watu wale wale, t = 4.06 na p = 0.0028. Kuna mgonjwa mle hata umpe nini analala saa tatu nne zaidi, na mwingine dawa ya kwanza imempunguzia usingizi. Hao ndo akina Malkia na Kidoti.

Tahadhari kwa wanaotumia R mpya: ukiandika ile fomula yenye alama ya ~ pamoja na paired = TRUE, kuanzia toleo la 4.4.0 inakataa. Weka safu mbili kila moja peke yake, t.test(baada, kabla, paired = TRUE), na hakikisha mpangilio wa ng'ombe ni uleule kwenye safu zote mbili. Mi niliwahi kupanga safu moja kuanzia ndogo kwenda kubwa bila kujua, jozi zote zikawa za uongo na programu haikusema kitu, itakwambiaje wakati yenyewe haimjui Kidoti.

Kwenye Excel ni namba ya mwisho ndani ya T.TEST. 1 ni jozi, 2 ni makundi mawili yenye mtawanyiko sawa, 3 ni makundi mawili ambayo mtawanyiko si lazima ulingane. Kama ni makundi tofauti kweli mi huwa naweka 3 siku zote, sihangaiki na 2.

ndama_mweusi
Sasa nyie ndo walimu. Swali jingine, kwenye video walisema lazima data ziwe na lile umbo la kengele (nyingi katikati, chache pembeni). Mi na ng'ombe 6 kengele nitaiona wapi

pweza_wa_data
Huioni. Na kinachotakiwa kukaa vizuri ni zile tofauti sita, sio safu ya kabla wala ya baada, watu wengi wanapima vitu visivyohusika. Zako zinaanzia 0.4 mpaka 1.1, hakuna iliyoruka ikaenda porini, zinatosha. Kama bado una wasiwasi hesabu alama tu, wamepanda 6 kati ya 6. Sarafu ukiirusha mara 6 ikaanguka upande mmoja mara zote, kwa upande wowote ule, uwezekano wake ni 2 kati ya 64, yaani 0.031. Haina t wala kengele na inasema hivyo hivyo. Na usiishie kwenye p, andika na kiasi: ongezeko lita 0.77, na kwa asilimia 95 liko kati ya 0.50 na 1.04. Mfugaji akikuuliza hatakuuliza p, atauliza hiyo robo tatu ya lita inalipa kilo mbili za mashudu au hailipi.

mfugaji_mbishi
Nimesoma yote kimya kimya naona mnamsifia dogo mpaka mnasahau kuuliza la maana. Ndama, hizo wiki mbili za kwanza ilikuwa lini na za pili lini?

ndama_mweusi
Za kwanza zilikuwa mwishoni mwa mwezi wa 10, za pili mwezi wa 11

mfugaji_mbishi
Na mvua za vuli zilianza lini huko kwenu?

ndama_mweusi
...mwanzoni mwa mwezi wa 11 😭

mfugaji_mbishi
Basi ndo hapo. Mwezi wa 10 wanakata majani makavu ya pembeni ya barabara, mwezi wa 11 majani yamechipua laini, ng'ombe yeyote anapanda hata bila mashudu. Mi nafuga miaka mingi, mvua ya kwanza ikipiga unaiona kwenye ndoo. T-testi yako ya jozi imethibitisha maziwa yamepanda wiki mbili za pili, hilo sawa, nani kabisha. Haijasema ni nani kayapandisha. Jozi inaondoa tofauti ya ng'ombe kwa ng'ombe, haiondoi mvua, mvua imewanyeshea wote sita kwa pamoja.

Na kuna lingine, ng'ombe akishavuka kile kilele chake miezi ya mwanzo baada ya kuzaa anashuka taratibu, kwa hiyo inawezekana hata mashudu yamefanya kazi kubwa kuliko unavyoona. Au yamefanya ndogo. Kwa ulivyopima huwezi kujua.

MamaTakwimu
Mbishi yuko sahihi na mi nimejilaumu kwa kutouliza, nilikimbilia hesabu. Ndama usikate tamaa, kwa Ijumaa andika matokeo kama yalivyo halafu kwenye majadiliano sema wazi kwamba hakukuwa na kundi lisilopewa mashudu na mvua ilianza katikati. Supavaiza mwenye akili atakupa maksi kwa hilo kuliko kwa p.

Ila kama ungerudia, kuna njia mbili. Moja, nusu ya ng'ombe waanze na mashudu na nusu waanze bila, halafu wabadilishane. Mvua ikinyesha inawakuta nusu wanakula na nusu hawali. Kila ng'ombe bado anajilinganisha mwenyewe, bado ni jozi, na hesabu unaipanga vizuri zaidi ukizingatia nani alianza na nini. Ya pili, kundi A wapewe mashudu na kundi B wasipewe, wote wapimwe kabla na baada, kila ng'ombe utafute kapanda kiasi gani, halafu hayo maongezeko ya A na ya B ndiyo uyalinganishe kwa t-testi ISIYO ya jozi. Yaani unatoa ndani ya ng'ombe kwanza, kisha unalinganisha makundi. Hapo wengi huwa wanapotea, wanaona kuna kabla na baada wanakimbilia jozi, wakati swali lao ni A dhidi ya B na hao ni ng'ombe tofauti.

kuku_na_mayai
Sasa wadau, niko Nakuru, nimepata huu uzi wakati mzuri sana. Mimi niko na kuku 40, 20 banda hili wanakula chakula cha dukani na 20 banda lile chakula nimechanganya mwenyewe. Nimepima uzito. Kwa sababu idadi ni sawa nilikuwa nimewapanga kutoka mzito hadi mwepesi kila banda, mzito wa hapa na mzito wa pale, nikafanya ya jozi, p imetoka poa sana. Iko sawa?

pweza_wa_data
Hapana kaka, haiko sawa kabisa. Hizo jozi umezitengeneza baada ya mchezo kuisha. Ukipanga hivyo kwa lazima zitafanana na p mara nyingi itakuwa ndogo hata kama chakula ni kilekile. Ungewapima vifaranga siku ya kwanza, ukachukua wawili wenye uzito sawa, ukarusha sarafu huyu aende wapi na mwenzake wapi, hapo ungekuwa na jozi halali. Kwa sasa una makundi mawili.

MamaTakwimu
Na kwa masikitiko, hata hayo makundi mawili yana tatizo. Chakula umekigawa kwa banda, sio kwa kuku. Kama banda moja lina joto au limepata ugonjwa, kuku wote 20 wamelipata. Una mabanda mawili, hilo moja na lile moja.

kuku_na_mayai
Kwa hivyo n yangu (idadi ya sampuli) ni 2??

Babu Njiti
Mbili

mwalimu_wa_zamu
Nami nitubu dhambi yangu hapa. Tuliendesha mafunzo ya walimu 30, tukawapa mtihani kabla na mtihani baada, na kwa heshima tukawaambia msiandike majina. Tulipokaa kuchambua ndo tukagundua hatujui karatasi ipi ya kabla ni ya mwenye karatasi ipi ya baada. Walikuwa watu wale wale 30 lakini jozi tumeshazitupa, tukabaki kufanya isiyo ya jozi na kuandika kwa aibu. Siku hizi nawaambia waandike namba tatu za mwisho za simu na herufi ya kwanza ya jina la mama, jina halijulikani na jozi inabaki.

MamaTakwimu
Na mwalimu, kwa kawaida aliyefanya vizuri kabla anafanya vizuri baada, kwa hiyo hiyo isiyo ya jozi ilikuwa inawabana nyie wenyewe, ikionyesha tofauti basi ipo kweli. Mlichopoteza ni zile tofauti ndogo ndogo za kweli ambazo hamkuziona.

fundi_chipukizi
Nimeelewa, nafuta kauli yangu ya mwanzo. Ila sasa kwa nini tusitumie jozi kila mahali kama ndo kali hivyo?

pweza_wa_data
Kwa sababu unalipia. Ndama angekuwa na ng'ombe 6 na wengine 6 tofauti angekuwa na digrii za uhuru 10 na mpaka wa kuvuka 2.228. Kwenye jozi ana 5 na mpaka 2.571. Kama hao waliounganishwa hawafanani kwa lolote umelipa kiingilio na mpira haukuchezwa. Kwa ng'ombe yule yule wanafanana sana kwa hiyo inalipa, kwa mtu na jirani yake kwa vile tu wanakaa nyumba namba moja na namba mbili, sidhani.

ndama_mweusi
Nimeongea na mwenyekiti wa kikundi leo jioni, kakubali turudie, wanne waanze na mashudu, wanne wasubiri kisha tubadilishe, kuna jirani kaleta mitamba wawili waliozaa juzi juzi. Sikitu hayumo anasubiri kuzaa. Wakati wa kubadilisha niwaache siku ngapi kabla sijaanza kupima tena?

mfugaji_mbishi
Wape siku 10 mpaka 14 tumbo lizoee, maziwa ya siku hizo usiyaingize kwenye hesabu. Na hao mitamba wawili usiwaweke kundi moja, mmoja huku mmoja kule. Mwanzo waongezee mashudu kidogo kidogo usiwamwagie kilo mbili siku ya kwanza wataharisha halafu mwenye ng'ombe akufukuze.